Kijiji Kilichokatazwa Kulia

Mmeniuliza wengi, na wengine tangu juzi hamniulizi tena, mmenuna tu. Najua mnanisema. Msiba wa mzee Hamisi umetokea hapa hapa Isevya, karibu na mlango wangu, na mimi Nyamizi, ambaye nikilia mnanisikia mpaka relini, nilikaa jikoni naosha masufuria bila kumlilia. Mkasema nimerudi na maringo ya Mpanda. Maringo ya Mpanda! Ngojeni basi niwaandikie yote, maana nikisimulia kwa mdomo Mama Rehema atanikatiza kabla sijafika Kaliua.

Mnamjua mdogo wangu Kabula, aliyeolewa na Masanja, yule Msukuma mrefu aliyekuwa akiinama kuingia kwangu. Walihamia upande wa Mpanda kutafuta malisho na shamba. Tumbo la mama yetu lilitoa sisi wawili tu, na mama mwenyewe hayupo. Mvua hizi zilipokataa kukatika, zikaleta kipindupindu upande ule, na mfanyabiashara mmoja wa asali akaniletea maneno mafupi: kijiji chao kimefungwa na mlango wa Masanja haufunguliwi. Nikamuuliza nani kafa. Akasema, "Hakuna anayejua, dada. Kule hawalii." Nikadhani amelewa. Lakini moyo haukutulia, nikafunga banda langu la wali, nikaenda kumchukua Kabula. Kama yu hai, nirudi naye. Sikuwa na safari nyingine zaidi ya hiyo.

Tabora hadi Mpanda, kwa treni

Mpaka Kaliua safari ilikuwa ile ile tunayoijua, watu wamekalia mizigo yao, kuku wanalia chini ya viti. Baada ya kuchepuka njia ya Mpanda, mambo yakaanza kubadilika taratibu, mtu usiweze kusema yalianzia wapi. Watu walipunguza sauti. Aliyepanda hakumpa mkono aliyemkuta. Njia ilikuwa imeliwa na maji mahali fulani, kwa hiyo tulisimama porini tangu asubuhi mpaka jua likageuka, na hakuna aliyelalamika. Mimi nililalamika peke yangu mpaka nikaona aibu.

Ugalla ndipo niliposhtuka. Mnaijua Ugalla kwa samaki wake: treni haijasimama, tayari kuna mikono madirishani na kelele za "samaki moto, samaki moto". Safari hii wanawake walikuwepo wote, wamejipanga kando ya reli na makapu yao, wamevaa khanga zao, wanatutazama. Hakuna aliyeita. Nikatoa kichwa dirishani nikamuuliza wa karibu, "Dada, una samaki?" Akafunua kapu. Lilikuwa tupu, limeoshwa.

"Tumekatazwa kuuza chakula," akasema.

"Sasa mmekuja kufanya nini?"

"Treni imekuja," akasema, akalifunika tena kapu lake. Tulipoondoka walikuwa bado wamesimama vile vile.

Mimi ni muuza chakula, mnanijua. Kumkataza mama lishe asiuze naona kama kumkataza asipumue, na nilianza kutukana serikali kwa sauti. Mwanaume aliyekaa mbele yangu akacheka. Alikuwa mfugaji, jina lake Shija, anakwenda Kasekese kwa binamu zake. Alikuwa na muhogo wa kuchemsha ndani ya kitambaa, akanikatia kipande, akaniletea kwenye ncha ya kisu ili mikono yetu isigusane. Nilikula. Njaa haina kisirani.

"Usiwatukane sana, dada," akasema. "Sisi walitufungia ng'ombe. Ilikuja ile homa ya mapafu, wakaweka kamba barabarani, ng'ombe asitoke, asiingie. Nje ya kamba, ng'ombe za watu zilipona kabisa. Ndani, majani yakaisha. Walikufa wagonjwa, halafu wakafa wazima, kwa njaa."

"Basi walifanya vibaya."

"Inategemea ng'ombe zako zilikuwa upande gani wa kamba."

"Zako je?"

Akaufunga muhogo wake na kutazama nje.

Mpanda mjini

Nililala Kawajense kwa mama mmoja wa Kifipa anayepokea wageni, Mama Joseta. Kufika kwake ilibidi nipite Makanyagio, na soko dogo la pale lilikuwa limefungwa. Meza za nyanya zimegeuzwa miguu juu, ardhi imemwagiwa chokaa, na juu ya chokaa hakuna hata wayo mmoja wa mtu. Watu walipita pembeni, mikono nyuma, kila mtu ameshika kiganja chake mwenyewe. Niliwaamkia wengi, wakanijibu kwa adabu, lakini kila mmoja alijibu baada ya kupiga hatua nyuma.

Mama Joseta alinipokea vizuri, akanimiminia maji ya moto nikanawa, akaniletea ugali wa moto unaounguza vidole na maharage kwenye sahani yangu peke yangu. Halafu akachukua sahani yake, akakaa na kunigeuzia mgongo. Mume wake naye akageukia ukuta wa pili. Binti yao akageukia mlango. Tukala hivyo, watu wanne chumba kimoja, hakuna anayemwona mwenzake, inasikika midomo tu ikitafuna.

Mnazijua hasira zangu. Nikaweka tonge chini. "Mama, kama nimekuja na nuksi nyumbani kwako, niambie niondoke."

Mgongo wake ukatikisika kwa kicheko. "Mama, ukiona nimekugeuzia mgongo ujue nakupenda. Bwana afya alisema tusile pamoja. Sasa nyumba ni hii moja, tutakwenda kula wapi? Tukaona tugeukiane migongo, hapo si kila mtu anakula peke yake?"

Mume wake akaitikia akiuelekea ukuta, "Na hatujaugua."

Nilicheka na mimi. Sikuweza kusema wamekosea nini, na kweli hawakuwa wameugua. Nilipomwambia ninakokwenda, Mama Joseta aliacha kutafuna.

"Huko wamekatazwa kulia," akasema.

"Nilisikia. Tangu vyama vingi vije si tunaambiwa kila mtu aseme anachotaka? Kulia ndiyo ikatazwe?"

"Nenda utaona. Ila ukifika, usiite mtu kwa sauti."

Mpanda hadi Kasekese, kwa lori

Lori lilikaa siku kadhaa likisubiri njia ikauke, nasi tukisubiri lori. Lilibeba magunia ya chokaa na maboksi ya dripu, na juu yake abiria wachache, Shija akiwemo. Tukanasa kwenye tope kabla hatujafika popote. Dereva akatuambia tushuke tusukume. Sasa, kusukuma lori kunataka mabega yakae pamoja, na hakuna aliyetaka kugusana na bega la mtu. Mmoja anasukuma, anaondoka, mwingine anakuja anasukuma. Lori lilitutazama tu. Mwishowe Shija akapiga kelele, "Nyie watu, mnataka kufa na njaa hapa mkiwa safi?" Tukasogeleana, tukasukuma, likatoka. Baada ya hapo kila mtu alinawa kwenye dimbwi, jambo ambalo nadhani lilikuwa baya kuliko mabega.

Nilipoikaribia Kasekese nilikuwa nimeshamzika Kabula mara nyingi moyoni na kumfufua. Nilimkumbuka akiwa mdogo, akilia kwa kitu chochote, hata kuku akichinjwa. Nikajiambia kama angekuwa na shida angelia, na angelia watu wangesikia. Kisha nikakumbuka.

Shija alishuka Kasekese kwa binamu zake. Kabla hatujaagana alinionyesha kwa kidevu upande wa vichaka. "Kuingia huko ni rahisi, dada. Kutoka ndiko kuna kibanda. Watakuweka mle siku nyingi kukutazama kama utaugua. Ukishindwa kuvumilia, kuna njia ya ng'ombe, haina kamba. Mwambie mtu yeyote aniite, nitawatoa wewe na mdogo wako." Nilimshukuru, na neno lake nikalitia akiba.

Kwenye kamba

Kizuizi chenyewe kilikuwa kamba ya katani iliyofungwa vitambaa vyeupe, kutoka mti huu mpaka mti ule, katikati ya barabara. Pembeni unaweza kupita na tembo. Lakini hakuna aliyepita pembeni. Mgambo mmoja alikaa upande wa huku, na upande wa kule kulikuwa na kibanda kirefu cha majani, wagonjwa upande mmoja, wanaotazamwa upande mwingine. Bwana afya alitoka mle na viatu vya mpira mpaka magotini. Alikuwa kijana bado, ila macho yake yalikuwa mekundu ya mtu aliyesahau kulala.

Nilimwambia nimefuata mdogo wangu, mke wa Masanja. Hakuwa na habari yoyote ya kifo kwenye nyumba ile. Nikapumua. Halafu nikamuuliza kama ni kweli amewakataza watu kulia.

"Ni kweli, mama. Tuliamua pamoja na serikali ya kijiji."

"Umezaliwa na mwanamke wewe?"

Hakukasirika. Alikaa juu ya gunia la chokaa akanieleza kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. "Msiba wa kwanza watu walikuja kutoka kila upande. Wakamwosha marehemu kwa mikono, wakala sinia moja kwa mikono ile ile. Walipotawanyika, kila mmoja alirudi na ugonjwa kwake. Tukakataza mikusanyiko. Wakatusikia vizuri, wakakubali. Lakini mwanamke akipiga yowe tu, wote wanakimbia, hata mwenyekiti aliyepiga marufuku anakimbia. Ndipo tukakataza yowe lenyewe. Vifo vimepungua, mama. Siku nyingi sasa hakuna aliyeniletea habari ya kifo."

"Na aliyefiwa afanye nini?"

"Alie moyoni, mpaka hapo tutakapomaliza."

Yale aliyoyasema ya sinia nimeyaona kwa macho yangu kwenye misiba yetu, na nyinyi mmeyaona. Mgambo akainua kamba, nikainama, nikapita.

Kamba hadi nyumbani kwa Kabula, kwa miguu

Jina la kijiji nitaliacha. Kina nyumba za mlimani na nyumba za bondeni, na bondeni kinapita kijito. Niliingia adhuhuri, jua likiwa limetoka kati ya mvua na mvua, na kila kitu kikimeta maji.

Nilikuwa nimejiandaa kuona kijiji kitupu. Hakikuwa kitupu. Watu walikuwepo wote, wanalima, wanachota maji, wanaanika. Watoto walikuwa wanacheza baba na mama uwanjani, wanasukumana, wanaanguka, wanainuka, midomo wazi inacheka, na sauti haitoki. Mama mmoja aliponiona aliinua mkono akaushusha. Mbwa walinifuata bila kubweka. Nilianza kusikia viatu vyangu mwenyewe, nikavivua.

Kitu kingine kilikuwa vinu. Huko mlimani vinu vilisimama uwanjani kama kawaida. Nilipoteremkia bondeni nikakuta kinu kimepinduliwa mdomo chini mbele ya nyumba moja, halafu nyingine, halafu nyingine. Nikajisemea, wamevipindua visijae mvua, watu wasafi hawa. Sikujiuliza kwa nini mvua inyeshe bondeni tu.

Kinu cha Kabula nacho kilikuwa kimepinduliwa. Mlango umeegeshwa. Nikapiga hodi kwa sauti ndogo, mara ya kwanza maishani mwangu. Kimya. Nikasukuma. Alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, ananitazama.

Nililia? Sikulia. Nilimshika uso, nikamshika mabega, nikamnusa kama mama anavyomnusa mtoto. Alikuwa mzima. Amekonda, lakini mzima. "Kabula," nikasema, "nimekuja kukuchukua." Akatingisha kichwa. Nikafikiri ana njaa, na mimi huzuni yangu yote hupitia jikoni. Nikaona mahindi kwenye ungo. Nikatoka uwanjani, nikakishika kile kinu, nikakiinua na kukisimamisha nitwange.

Ng'ambo ya kijito bibi mmoja aliachia ndoo yake. "Rudisha!" akanong'ona kwa nguvu, na mnong'ono ule ukavuka maji ukanifikia. "Kirudishe, mwanangu! Umeanua matanga ya watu!"

Nikaangalia huku na huku. Milangoni watu walikuwa wamesimama, wote wananitazama mimi na kinu. Hapo ndipo nilipoelewa vile vinu vyote nilivyovipita. Nikakilaza tena mdomo chini, polepole, nikarudi ndani.

"Masanja?" nikamuuliza.

Kabula akaelekeza kidevu nyuma ya nyumba, kwenye mihogo.

Alinisimulia kwa sauti ya chini sana, ananitazama mdomo. Masanja aliugua, akafa kesho yake. Ndugu yake alikuja, wakachimba nyuma ya nyumba, wakamfukia bila kumwita bwana afya, kwa sababu wakimwita watu wa dawa huja na pampu zao, hunyunyizia mahindi yote ghalani, huchoma magodoro. Yule bibi wa ng'ambo, Bibi Nsia, alikuwa amemzika mwanawe vivyo hivyo. Wafiwa walianza kupindua vinu ili angalau jirani ajue, basi. Hakuna aliyejua waliofiwa kijijini kote ni wangapi, maana kinu unakiona cha jirani tu.

"Haya, twende basi," nikasema. "Masanja amekwenda. Wewe unabaki hapa kufanya nini?"

"Dada, sijamlilia."

"Utamlilia Tabora."

"Mjane hatoki kabla matanga hayajaanuliwa. Unajua wewe. Na matanga hayajawekwa. Yasiyowekwa yataanuliwaje? Nitamwacha vipi mtu kama mbwa?" Akanyanyua kibuyu cha maji ya kijitoni, akanywa. "Nitakaa tu."

Nikakitazama kile kibuyu. Nikayatazama maji.

Uwanjani kwa Masanja

Nimejiuliza tangu siku ile kama kulikuwa na njia nyingine. Ningeweza kumburuta. Ningeweza kwenda kumbembeleza bwana afya atoe ruhusa, naye angenieleza tena habari za sinia, na angekuwa na haki. Na kila siku ambayo angekuwa na haki, Kabula angekunywa maji yale.

Nikatoka, nikasimama kando ya kinu. Kwanza nilipaza sauti ya kawaida, na hata hiyo iliwafanya watu warudi nyuma. Nikasema, "Jamani! Naitwa Nyamizi, dada yake Kabula. Nataka kumlilia shemeji yangu. Kila mtu abaki mlangoni kwake! Asisogee mtu! Kama una wako, mlilie hapo hapo ulipo!"

Halafu nikafungua kinywa.

Nyinyi mnaijua sauti yangu. Lakini hamjawahi kuisikia ikiingia kwenye kimya cha namna ile. Nilimwita Masanja kwa jina, nikamtaja urefu wake, nikamtaja alivyokuwa akiinama mlangoni kwangu, nikamuuliza sasa amelala vipi kwenye shimo fupi. Ndege waliruka kutoka kwenye mihogo. Nilipokata pumzi hakukuwa na kitu. Watu milangoni, maji yanapita. Nikahisi nimefanya jambo ambalo haliwezi kurudishwa.

Kisha nyuma yangu, Kabula. Alitoka kwa magoti, ameshika kizingiti, na sauti iliyomtoka sikuifahamu. Ng'ambo akajibu Bibi Nsia kwa kumwita mwanawe. Juu kidogo ya kijito mwanaume akamwita mkewe. Juu zaidi, wawili pamoja. Ikashuka chini ya bonde, nyumba kwa nyumba, kila mtu kasimama mlangoni pake anaita jina, majina yanapishana juu ya maji, na hakuna aliyemsogelea mwenzake. Watoto waliokuwa wanacheza kimya walisimama, na mmoja, nakumbuka, alianza kulia kwa sauti huku anashika mdomo wake kwa mikono miwili.

Bwana afya alikuja anakimbia kutoka kwenye kamba, mgambo nyuma yake na fimbo. "Mama, umeua watu! Nyamaza! Nyamaza nimesema!"

Nikanyamaza. Wao hawakunyamaza. Akageuka kuwaamrisha, mkono juu, na mkono ukabaki juu. Aligeuza kichwa upande wa juu wa kijito, akasikiliza. Akakigeuza upande wa chini, akasikiliza. Akakiinua kutazama nyumba za mlimani, ambako watu walikuwa wamesimama wakitutazama, na huko hakulii mtu hata mmoja.

"Mlimani wanachota wapi maji?" akamuuliza mgambo.

"Kwenye pampu, bwana."

Uso wake ulibadilika nikauogopa. Siku nyingi sasa hakuna aliyekuwa amempelekea habari ya kifo, naye akaamini vimepungua. Akasogea karibu yangu, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, endelea kidogo. Usinyamaze kwanza." Akaanza kutembea kando ya kijito, anahesabu milango kwa kidole.

Nikaendelea. Na ni wakati huo, nikiwa nimefumba macho, ndipo Bibi Nsia alipoinua khanga yake mpaka magotini akaingia majini. Nilipofumbua alikuwa katikati ya kijito. Nikampungia mkono arudi. Hakunitazama mkono, alikuwa anaifuata sauti. Akavuka, akamkumbatia Kabula, akanikumbatia na mimi, akatufuta machozi kwa viganja vyake vilivyolowa. Wengine hawakuvuka. Yeye peke yake. Kisha, kwa sababu ndiye mkubwa pale, akakishika kinu akakisimamisha. "Matanga yameanuliwa," akasema. "Mchukue mdogo wako."

Kibandani

Tulitoka kesho yake. Kwenye kamba bwana afya alitufungulia upande wa kibanda wa wanaotazamwa. Nilifikiri kumtuma mtu kwa Shija. Vichaka vilikuwa pale pale, unavigusa kwa mkono. Sijui kwa nini sikumtuma. Nadhani ni kwa sababu ya kijana yule na mkono wake ulivyobaki juu.

Tulilishwa uji usio na sukari na maji yanayonuka dawa, na nilimwambia mpishi mambo ambayo sitayaandika. Halafu Kabula akaugua. Ilianza asubuhi, na kabla jua halijawa kali macho yake yalikuwa yamezama ndani. Walimvusha upande wa pili wa kibanda, wakamtundikia dripu, nyingine, na nyingine. Angeugulia kwenye njia ya ng'ombe, au kwenye treni kati yenu, leo ningekuwa nawaandikia habari nyingine, au nisingekuwa na wa kuwaandikia. Nililala chini nje ya ukuta wa majani, nikimsikiliza anavyopumua.

Alipoweza kukaa, bwana afya alikuja na viatu vyake vya mpira akakaa juu ya gunia. Akaniambia amekizungushia kijito miiba, na watu wa bondeni sasa wanapanda mlimani kuchota kwenye pampu. Kulia amewaruhusu, kila mtu mlangoni pake. Akaniambia hayo kwa furaha kidogo, kisha furaha ikamwisha.

"Bibi Nsia amefariki," akasema.

Nikauliza kama aliambukizwa kwetu, siku ile.

"Alikuwa anakunywa maji yale yale, mama. Huenda angeugua tu."

"Na huenda asingeugua."

Alitazama mikono yake. "Huenda," akasema.

Kurudi

Tulipofika stesheni ya Mpanda tulimkuta Shija naye anasubiri treni. Alimwamkia Kabula kwa heshima ya mfiwa. Nikamwambia tulikaa kibandani mpaka mwisho. Akatingisha kichwa, akatukatia muhogo, safari hii kwa mkono. Tulipopita Ugalla wale wanawake walikuwa wamejipanga tena na makapu yao. Kabula akanishika mkono mpaka walipopotea.

Sasa Kabula yupo, mnamwona, ananisaidia kupepeta mchele, anaanza hata kucheka. Mkimtazama mtasema nilifanya vyema, na mimi nikimtazama nasema hivyo hivyo. Watu wa bondeni wanakunywa maji ya pampu. Lakini Bibi Nsia ana wajukuu, na wao kama wangeulizwa sijui wangesema nini.

Siku ya mzee Hamisi nilitoka uwanjani kama kawaida yangu. Mlikuwa mmeshasimama mnanisubiri, nimewaona. Nikafungua kinywa. Na pale pale, ng'ambo ya barabara, Mama Rehema, nilikuona wewe unainua khanga yako kukwepa dimbwi, unakuja kwangu.

Nikafunga kinywa, nikarudi jikoni kuosha masufuria.